Chamonix ilipataje msimu wa pili?

Swali limetoka kwa mwongoza wageni wa Marangu. Anasema amepanda Kilimanjaro kwa miaka kumi na moja, kwanza akiwa mgumu wa kubeba mizigo, kisha mpishi, na sasa kiongozi wa msafara. Kila masika ikiingia simu yake inanyamaza, na hadi Juni anaishi kwa kukopa. Mgeni mmoja Mfaransa alimwambia kwamba kwao, katika bonde la Chamonix, waongozaji wana kazi majira ya joto na majira ya baridi pia. "Walifanyaje? Ni theluji tu iliyowabeba, au kuna jambo jingine? Na je, mtu kama mimi anaweza kwenda kufanya kazi huko?"

Ndugu yangu,

Nianze na jibu, hadithi ifuate. Theluji haikuwabeba. Ilikuwapo Chamonix tangu enzi za mababu, na kwa karne nyingi ilikuwa ndiyo njaa yao. Msimu wa pili waliupata kwa sababu ya treni, kwa sababu ya ufundi mpya walioukubali wakiwa watu wazima, na kwa sababu walikuwa na chama walichokijenga miaka themanini kabla ya treni kufika. Nimefundisha utalii wa milimani kwa muda mrefu, na wengi wanaoniuliza kuhusu Chamonix hutaka habari za mahoteli. Wewe umeuliza habari za watu wa kazi yako, na nimefurahi sana.

Kwanza ulione bonde lenyewe. Lipo mashariki mwa Ufaransa, pale nchi hiyo inapokutana na Uswisi na Italia. Katikati yake unapita mto Arve, unaoanzia karibu na kipito cha Balme, mpakani na Uswisi, na kwenda kuingia mto Rhône mjini Geneva baada ya kilomita 100 na ushei. Maji yake wakati wa joto yana rangi ya kijivu kama maji yaliyooshea unga, kwa sababu barafu za juu husaga mwamba zikishuka, na vumbi la mawe huja na mto. Mto huo ni kinyume cha mito yetu: hujaa jua likiwaka, barafu inapoyeyuka, na hupungua majira ya baridi, maji yote yakiwa yamegandia juu. Mji uko mita 1,035 tu kutoka usawa wa bahari. Lango lako la Marangu liko juu zaidi ya hapo, limepita mita 1,800. Lakini kilele cha Mont Blanc kina mita 4,800 na kitu, nacho kimesimama palepale juu ya paa za nyumba. Mtu anakunywa kahawa barazani huku shingo imepinda akitazama barafu.

Wakazi wa zamani hawakuwa na sababu ya kulipenda jambo hilo. Walilima shayiri na ngano nyeusi, walifuga ng'ombe, na nusu ya mwaka mifugo ilikaa zizini ikila majani makavu yaliyokatwa wakati wa joto. Vijana wengi wa Savoie, eneo lenye bonde hilo, walikwenda miji ya mbali kutafuta vibarua, wengine wakiwa watoto wa kufagia mabomba ya moshi. Katika karne ya 17 mito ya barafu, yaani barafu nene inayosogea polepole kutoka mlimani, ilishuka mpaka ikakaribia mashamba na nyumba, na mwaka 1644 askofu alipanda hadi kitongoji cha Les Bois na msafara wa waumini kuiombea barafu irudi nyuma. Hivyo ndivyo walivyoiona. Kama ungewaambia kwamba siku moja watu watalipa fedha kuja kuitazama, wangekushangaa.

Wageni wa kwanza wa kutembea tu, Waingereza wawili waitwao Windham na Pococke, walifika mwaka 1741. Mwaka 1760 mwanasayansi wa Geneva, Horace-Bénédict de Saussure, akaahidi zawadi kwa atakayepata njia ya kufika kileleni. Ilichukua miaka 26. Tarehe 8 Agosti 1786 walifika wenyeji wawili: Jacques Balmat, mtafuta vito vya mawe milimani, na Michel-Gabriel Paccard, daktari wa kijiji. Mwaka uliofuata Saussure mwenyewe akapanda, Balmat akiwa kiongozi. Tangu hapo kijiji kikawa na kazi mpya, nayo ilikuwa ya miezi mitatu tu. Oktoba ikifika hoteli zilifungwa, barabara ya Geneva ikazama kwenye theluji, na waongozaji wakarudi zizini. Kwa zaidi ya miaka mia moja waliishi kama unavyoishi wewe sasa, ila wao walikuwa na msimu mmoja mfupi na wewe una miwili.

Sasa nakuomba tukae kidogo mwaka 1820, maana hapo ndipo penye jibu lako hasa. Mwezi Agosti daktari mmoja wa Urusi, Joseph Hamel, alipanda Mont Blanc na kundi la waongozaji. Hali ya hewa ilikuwa imewazuia njiani, theluji mpya ilikuwa imeanguka, na walipoendelea, mteremko ukakatika chini ya miguu yao. Waongozaji watatu, Pierre Balmat, Pierre Carrier na Auguste Tairraz, walisukumwa ndani ya ufa wa barafu na kufukiwa. Wageni walirudi salama. Miaka 41 baadaye, mwaka 1861, mto wa barafu wa Bossons ulianza kuwatoa chini bondeni kidogo kidogo: mifupa, vipande vya nguo, vifaa vyao. Mmoja wa waliokuwa nao siku ile, sasa akiwa mzee, aliitwa kuvitambua.

Lakini kijiji hakikungoja barafu iwarudishe. Mwaka 1821 waongozaji 34 waliunda Compagnie des Guides de Chamonix, chama cha kwanza cha aina hiyo duniani, na kipo hadi leo kikiwa na wanachama zaidi ya 200. Kilisimama juu ya mambo mawili ambayo wewe Mchaga utayaelewa haraka kuliko Mparisi yeyote.

La kwanza ni zamu. Majina yaliandikwa kwenye orodha, na mgeni akifika alimchukua aliye juu ya orodha, awe hodari au wa kawaida, awe na ndugu hotelini au hana. Ni sheria ileile ya mfongo, ule mfereji wa maji, kwenye vihamba vyenu, mashamba ya nyumbani. Wa juu akijifungulia maji siku zote, wa chini anakauka, kwa hiyo kila mtu ana siku yake. Zamu ile ilikuwa na ubaya wake, na wapanda milima wa Uingereza waliilalamikia sana, kwa sababu walitaka kumchagua mtu waliyemzoea na kumwamini. Walikuwa na haki yao, na baada ya muda sheria ililegezwa. Hata hivyo naamini kwamba bila ukali ule wa mwanzo Chamonix ingekuwa mnada wa bei. Unajua hali ikoje wakubwa kwa wadogo wanapojazana langoni na kila mmoja anakubali posho ndogo kuliko mwenzake ili asirudi nyumbani mikono mitupu. Zamu iliuzuia ushindani wa namna hiyo, bei ikajulikana, na fedha za wageni zikabaki kijijini.

La pili ni mfuko. Sehemu ya malipo ya safari iliwekwa akiba kwa ajili ya aliyevunjika mguu, na kwa ajili ya mjane na watoto wa aliyekufa. Hapo mtu aliweza kumwambia mgeni "leo hatupandi" bila kuogopa kwamba watoto watalala njaa. Kwangu mimi hili ni kubwa kuliko zamu. Ninyi mnajua kwa uchungu mkubwa nini hutokea mgeni mwenye kichwa kinachouma anapong'ang'ania kupanda, na kiongozi anafikiria tipu.

Ukishakuwa na chama kama hicho, jambo jipya likija linakukuta umesimama. Na lilikuja. Mwaka 1901 treni ya umeme ilifika Chamonix, na miaka michache baadaye ikaanza kutembea hata kwenye theluji. Safari iliyokuwa ya kubahatisha kwa farasi ikawa ya kutazama saa. Wakati huohuo daktari wa mji, Michel Payot, alikuwa ameanza kutumia skii, mbao ndefu za kufunga miguuni na kuteleza juu ya theluji, chombo cha watu wa Norway, kuwafikia wagonjwa wake kwenye vitongoji vilivyofungwa na theluji. Watu walimshangaa. Lakini mwaka 1903 alivuka milima kwa skii kutoka Chamonix kuelekea Zermatt, Uswisi, safari ambayo leo watu hutoka nchi za mbali kuja kuirudia, na aliandamana na waongozaji wa palepale, akiwamo Joseph Ravanel. Ninalipenda sana jambo hilo. Watu wale walikuwa mabingwa wa kamba na miamba, watu wenye jina, nao walikubali kuanguka kwenye theluji kama watoto mpaka wakajifunza. Skii haikuwa katika damu yao. Philip Boit wa Kenya naye alianza kujifunza akiwa mtu mzima, na mwaka 1998 akashindana kwenye Olimpiki ya Nagano.

Mwaka 1908 yalifanyika hapo mashindano makubwa ya skii, na kuanzia Januari 25 hadi Februari 5, 1924, Chamonix ikapokea kile kilichoitwa wakati huo wiki ya kimataifa ya michezo ya majira ya baridi. Nchi 16 zilileta wanamichezo wapatao 250. Baadaye tu ndipo yakatambuliwa rasmi kuwa Olimpiki ya kwanza ya Majira ya Baridi. Medali ya dhahabu ya kwanza ilikwenda kwa Mmarekani Charles Jewtraw, aliyeshinda mita 500 za kukimbia kwa viatu vya barafu. Msichana wa Norway mwenye miaka 11, Sonja Henie, alishika nafasi ya mwisho kwenye kucheza juu ya barafu. Baadaye alichukua dhahabu tatu mfululizo. Kuteremka mlima kwa kasi, kitu ambacho watu wengi leo wakisikia "skii" ndicho wanachokiona akilini, hakikuwamo kabisa. Kulikuwa na kukimbia masafa kwa skii, kuruka, mpira wa magongo wa barafuni na kadhalika. Kuteremka kuliingia Olimpiki mwaka 1936.

Magari ya waya yakafuata, yale yanayoning'inia hewani. Mashuhuri kuliko yote ni lile la Aiguille du Midi, lililofunguliwa mwaka 1955. Linakutoa mjini na kukufikisha karibu na ncha ya mita 3,842 kwa muda wa kama dakika 20. Nilipolipanda mara ya kwanza kichwa kiliniuma mara moja, maana mwili haukupewa hata siku moja ya kuzoea. Wewe unayewaambia wageni "pole pole" siku tano ungeona jambo hilo la ajabu. Nalitaja kwa sababu mwaka 2019 serikali yetu ilitangaza kufikiria gari la namna hiyo Kilimanjaro, na waongozaji na wagumu wakapinga, wakihofia kazi zao. Hofu hiyo naiheshimu. Ukiangalia Chamonix, gari la waya halikuua kazi ya waongozaji kwa sababu linaishia mahali ambapo kazi yao inaanzia. Ukitoka kituoni unakanyaga ukingo mwembamba wa theluji wenye shimo kila upande, na chini yake uko Vallée Blanche, mteremko wa kilomita 20 juu ya mito ya barafu yenye nyufa zilizofichika. Mgeni anamhitaji mtu wa kumfunga kamba na kumpitisha. Siku nzuri za Februari na Machi mteremko huo ni ajira kubwa ya waongozaji, na wengi wao wana vyeti viwili, cha mlima na cha kufundisha skii. Mradi wa waya unaomshusha mgeni mahali asipomhitaji mtu yeyote ni kitu kingine kabisa, na hilo ndilo swali la kumuuliza mwenye mradi.

Nisikufiche upande wa maumivu. Desemba 1956 vijana wawili, Jean Vincendon na François Henry, walikwama juu ya Mont Blanc, helikopta iliyotumwa ikaanguka, na wakafa huku mji ukijua walipo. Aibu ile ilifanya uokoaji ukabidhiwe vikosi vya serikali mwaka 1958, na leo askari hao hawamtozi aliyekwama mlimani. Tarehe 9 Februari 1999 poromoko la theluji lilishuka kwenye kitongoji cha Montroc na kuua watu 12 ndani ya nyumba zao, baada ya theluji kuanguka siku nyingi mfululizo. Mwezi uliofuata lori lilishika moto ndani ya handaki la Mont Blanc, lile la kilomita 11.6 linalokwenda Italia, wakafa watu 39. Handaki lilifungwa hadi mwaka 2002. Kila asubuhi ya majira ya baridi watu wa bonde husoma namba ya hatari ya theluji, kuanzia 1 hadi 5, na ikifika 4 waongozaji hubadili mipango bila mjadala.

Kuna na taabu zisizotoka kwenye habari. Baridi kali huifunga hewa bondeni kama kifuniko cha sufuria, na moshi wa kuni za kuotea moto pamoja na wa malori hukaa humo, hata wazazi huambiwa watoto wasikimbie nje. Nyumba nyingi ni za watu wa mbali wanaokuja wiki chache kwa mwaka, madirisha yamefungwa. Mwalimu, nesi na mhudumu wa hoteli hawapati pa kupanga, wanalala miji ya chini na kupanda kila alfajiri. Chama cha waongozaji kililinda mshahara. Ardhi haikuwa na mlinzi wa namna hiyo. Mkiwa bado na vihamba vyenu, litazameni hilo mapema.

Na theluji yenyewe inaondoka. Kuna mto wa barafu uitwao Mer de Glace ambao wageni hupelekwa kuuona kwa treni ndogo tangu mwaka 1909. Mwaka 1988 waliweka gari la waya la kushukia kwenye barafu, na mgeni alihitaji kushuka ngazi chache tu mwishoni. Barafu ikazidi kuzama, wakaongeza ngazi kila mwaka mpaka zikapita 500. Mwaka 2024 wamefungua gari jipya, mbali zaidi kuelekea juu ya bonde, kuifuata barafu inakokimbilia. Pembeni kuna vibao vya miaka vinavyoonyesha kimo chake cha zamani. Nimewahi kumwona mzee mmoja amesimama chini ya kibao cha mwaka wa ujana wake, kofia mkononi. Wewe umeziona barafu za Kibo zikipungua tangu siku zako za kubeba mizigo, kwa hiyo sina haja ya kukueleza alichokuwa akikihisi.

Kwa hiyo msimu wa baridi unaoutamani unafupika, hasa kwenye miteremko ya chini, na Chamonix inarudi kutegemea majira ya joto: matembezi, na mbio za UTMB zinazofanyika mwishoni mwa Agosti tangu mwaka 2003, kama kilomita 170 kuuzunguka Mont Blanc kupitia nchi tatu. Hata njia ya kawaida ya kileleni siku hizi husimamishwa na waongozaji baadhi ya wiki za joto, kwa sababu barafu iliyoshika mawe imeyeyuka na mawe yanaporomoka.

Masika yenu haitageuka theluji, lakini Marangu wakati huo ina maporomoko ya maji yaliyojaa, kahawa ikiwa shambani, mifongo, na njia za chini ambazo mgeni asiyetafuta kilele angezifurahia akiwa na koti la mvua. Hazitaleta fedha ya kupandisha wageni kilele cha Uhuru. Zinaweza kupunguza mkopo. Ila kama nguvu zako zinatosha jambo moja tu mwaka huu, ningekuomba uanze na mfuko kabla ya biashara mpya: watu kumi mnaoaminiana, kiasi kidogo kisichobadilika kwa kila safari, daftari linalosomwa mbele ya wote, na kanuni ya mgonjwa na ya mfiwa iliyoandikwa kabla hajapatikana mgonjwa wala mfiwa. Kilimanjaro mna historia ya ushirika: KNCU ya kahawa iliandikishwa mwaka 1933. Wazee bado wapo wa kuwaeleza ilisimama wapi na ilikwama wapi.

Kuhusu kwenda kufanya kazi. Ufaransa sheria ni kali: kuongoza watu mlimani kwa malipo bila cheti kinachotambuliwa ni kosa. Cheti cha mwongozaji wa milima mirefu hufundishwa na shule ya taifa, ENSA, iliyopo hapohapo Chamonix, na ili uingie lazima uwe tayari na uzoefu mkubwa wa miamba, barafu na skii. Uzoefu wako wa Kilimanjaro, hata safari mia, hautahesabika kuwa huo, kwa kuwa njia zenu hazitumii kamba. Kipo cheti kingine cha kuongoza matembezi bila kamba wala mito ya barafu, nacho kiko karibu zaidi na unachokijua, ila kinadai Kifaransa kizuri. Wageni wengi wanaofanya kazi bondeni wako jikoni na hotelini kwa mikataba ya msimu. Ukipata nafasi kama hiyo, kibali cha kazi kiwe mkononi kabla ya tiketi, chumba cha kulala kiandikwe ndani ya mkataba, na wakala anayetaka fedha mbele umwache.

Lakini ukialikwa kutembea tu, hata kwa wiki moja, nenda katikati ya Agosti. Tarehe 15 waongozaji wana sikukuu yao. Hukusanyika kanisani na kamba na sururu za barafu zikabarikiwa, kisha huwakumbuka wenzao waliokufa mlimani. Fedha zinazokusanywa siku zile za sherehe huingia kwenye ule mfuko wa mwaka 1821, na wajane wa leo wanalipwa kutoka humo.